Kamera Iliambiwa Pa Kutazama

Kila inapotoka filamu mpya ya makala kuhusu vita vikuu vya dunia, na kila mtu anapouliza Waafrika wako wapi, Wahindi wako wapi, wanawake wako wapi, jibu huwa tayari mdomoni. Wanasema filamu ya makala si mchezo wa kuigiza. Kamera ilirekodi kilichokuwepo. Kama hawaonekani, basi hawakuwepo, au walikuwa wachache mno. Na kuwatafuta leo, wanaongeza, ni kuchomeka siasa za karne hii katika historia ya mababu. Nimelisikia jibu hilo kwa wahariri ninaowaheshimu, nimelisikia kwa walimu wa historia, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nimelisikia kwa vijana wetu wenyewe, wajukuu wa watu walioondolewa kwenye picha.

Jibu hilo si kweli. Wasioonekana kwenye filamu za vita walikuwepo vitani. Kuna mtu aliyeamua wasionekane: jemadari aliyepanga nani aingie mjini kwanza, ofisa aliyempangia mpigapicha kituo, mhariri aliyeshika mkasi. Na uamuzi huo haukuishia kwenye skrini, kwa sababu filamu ya vita ni hati. Ndiyo inayoonyeshwa darasani, ndiyo inayochezwa siku ya mashujaa, na ndiyo inayomfanya mkubwa fulani ofisini aamini kwamba kaburi hili linastahili jiwe na lile halistahili. Anayekosa kuandikwa kwenye hati hukosa na haki yake.

Tuanze na Paris, Agosti 1944. Picha za mji ule ukikombolewa zinajulikana dunia nzima: vifaru vinapita, wasichana wanawarukia askari shingoni, Jenerali de Gaulle anatembea Champs-Élysées katikati ya umati. Wapigapicha wa Kifaransa walizichukua risasi zikiwa bado zinalia, na siku chache baadaye zikaonyeshwa kwenye kumbi za sinema. Ukizitazama utaona jeshi la Wazungu. Mpigapicha hakudanganya, ndicho kilichopita mbele yake. Lakini jeshi la Ufaransa Huru lilijengwa kwa sehemu kubwa na askari wa makoloni ya Afrika. Nyaraka za makamanda wa Marekani na Uingereza, zilizoanikwa hadharani mwaka 2009, zinaonyesha kwamba walitaka divisheni itakayoingia Paris iwe ya weupe watupu. Ikachaguliwa Divisheni ya Pili ya Vifaru ya Jenerali Leclerc kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na weupe wengi kuliko nyingine, takribani robo tatu. Askari weusi walikuwa wameshaondolewa ndani yake, nafasi zao zikajazwa na wengine.

Hapo ndipo hoja ya "kamera ilirekodi kilichokuwepo" inapovunjika mguu. Kamera ilirekodi kweli. Lakini kilichosimama mbele yake kilikuwa kimeshahaririwa kwa amri ya kijeshi, kabla mkanda haujatiwa kwenye mashine.

Wapo wanaokubali hayo, kisha wanasema kosa ni la watu wa zamani. Watengenezaji wa leo wafanye nini zaidi ya kutumia walichoachiwa? Basi tuitazame filamu ya leo. Mwaka 2018, miaka mia moja tangu Vita Kuu ya Kwanza imalizike, mwongozaji Peter Jackson alitoa They Shall Not Grow Old. Kiufundi ni kazi ya kustaajabisha na sitaipunguzia sifa. Alikuwa na zaidi ya saa 100 za filamu kutoka Imperial War Museum na saa 600 za mahojiano ya wapiganaji wa zamani. Akazitia picha rangi, akausawazisha mwendo wake uliokuwa wa kurukaruka, akawaita wasomaji wa midomo ili askari waliokaa kimya karne nzima wapate sauti. Kisha akachagua: askari wa miguu wa Uingereza, kwenye mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa, basi.

Msanii ana haki ya kuchagua. Filamu moja haiwezi kubeba vita vizima, na anayetaka kila filamu iwe na kila mtu anataka kisichowezekana. Lakini filamu ile haikupokelewa kama habari za upande mmoja wa vita. Ilipokelewa kama ndiyo Vita Kuu yenyewe, na nakala zikapelekwa katika shule za sekondari za Uingereza. Mtoto wa London ambaye babu wa babu yake alitoka Punjab au Taita aliketi darasani, akaambiwa haya ndiyo yaliyotokea, na hakumwona mtu wa kwao. Ilhali India ilipeleka ng'ambo zaidi ya watu milioni moja katika vita vile, na huku kwetu vita vilibebwa kwa mabega ya wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wa Waingereza, wa Wabelgiji, wa Wareno na wa Wajerumani.

Na sauti zao zilikuwepo kama zingetakiwa. Nusu karne baada ya vita, wazee waliobeba mizigo ile walikuwa bado hai vijijini. Mwanahistoria Geoffrey Hodges aliwafuata baadhi yao huko Kenya akawahoji, na kitabu chake kuhusu kikosi cha wapagazi kilitoka mwaka 1986. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba walikufa na siri yao. Walioulizwa walisema. Wengi hawakuulizwa.

Hoja ya pili husema: tungependa sana kuwaonyesha, lakini picha hazipo. Zipo. Mradi wa kuorodhesha filamu za makoloni ya Uingereza ulipokamilika mwaka 2010, orodha yake ilizidi filamu 6,000. Na mwaka 1939, mwaka uleule Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serikali ya Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit ili kuwaeleza watu wa makoloni kwa nini wachangie vita vile. Magari ya sinema yalizunguka mikoani. Jua likizama, kitambaa cheupe kinafungwa, jenereta inanguruma, projekta inawaka, na mkalimani anasimama kando akieleza kwa lugha ya wenyeji. Mkuu wa kitengo hicho, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu inayokwenda haraka, hivyo akataka picha ndefu, za polepole, zisizokatwakatwa.

Fikiria maana yake. Mwafrika ndiye aliyekusudiwa atazame, na mara nyingine alikuwa ndani ya picha pia, akipiga gwaride, akisafisha bunduki, akipanda meli. Kitu kimoja hakupewa: kusema. Maelezo yote yalitoka kinywani mwa mwingine. Mtengenezaji wa leo anaposema picha hazipo, ukweli ni kwamba picha zipo bila majina na bila sauti, na kuzitafutia majina na sauti kunahitaji nauli, muda na nia.

Gharama ya ukimya huo naijua kwa kuwa niliiona sebuleni. Nina mjomba ambaye baba yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, akapelekwa Bama (Burma), akarudi na homa na maneno machache. Siku moja televisheni ikatangaza filamu ya makala kuhusu vita vya Bama. Mjomba alioga, akavaa kanzu kama anayekwenda barazani, akasogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa kioo. Saa nzima aliwatazama majenerali, Wajapani wakisalimu amri, nyumbu wakivushwa mto. Watu weusi walipita mara moja, wamebeba magogo, kwa muda wa kupepesa jicho, na msimulizi hakuwataja. Filamu ilipokwisha hakugombana na mtu. Alinigeukia akauliza, "Sasa, mpwa wangu, baba alikuwa wapi?"

Alikuwa Kabaw. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, ndiyo iliyowasukuma Wajapani kuteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za kule zikimwagika, matope yamefika magotini, malaria ikiangusha watu kama risasi. Desemba wakaingia Kalewa, na njia ya kuvuka mto Chindwin ikafunguka. Tanganyika peke yake ilitoa watu wapatao 87,000 katika vita vile. Wengine hawakuiona hata Bama. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa kwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika zisizofika tano na kuondoka na watu 1,297, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao ndio watu tunaoambiwa walikuwa wachache kiasi cha kutostahili dakika.

Anayedhani kudai uwakilishi ni ugonjwa wa kizazi hiki, asikie kisa cha mwaka 1945. Hollywood ilitoa filamu ya kuigiza iitwayo Objective, Burma!, Errol Flynn akiongoza kikosi cha Wamarekani katika misitu ya Bama. Waingereza walikasirika. Magazeti yao yalipiga kelele, filamu ikaondolewa London baada ya muda mfupi, na haikurudishwa mpaka mwaka 1952. Walilalamikia nini? Kwamba jeshi lao lilikuwa limefutwa kwenye vita lilivyopigana na kufia. Walikuwa na haki. Mtu akifutwa kwenye vita alivyovimwagia damu, ana haki ya kupiga kelele. Ninachotaka ni kwamba haki hiyohiyo iitwe haki inapodaiwa na mjukuu wa Keya, isibadilishwe jina ikaitwa siasa.

Wamarekani weusi nao walishaidai risasi zikiwa bado zinalia. Jeshi la Marekani liliwatenga weusi na weupe hadi Rais Truman alipotoa amri ya kukomesha utaratibu huo mwaka 1948. Kati ya filamu zilizotolewa na jeshi hilo ni The Negro Soldier ya mwaka 1944, iliyotoka katika kitengo cha mwongozaji Frank Capra. Aliyeiandika ni Carlton Moss, mwandishi mweusi, na ndiye anayeonekana kama mhubiri kanisani akiwasimulia waumini jinsi watu wao walivyopigania Marekani tangu vita vya uhuru. Ilikuwa hatua kubwa. Mtu mweusi alionekana kwenye skrini akiwa ofisa na rubani, amesimama wima. Lakini utumwa ulirukwa, na ubaguzi wa jeshi lenyewe haukutajwa.

Nalisema hili kwa ajili ya wenzangu tunaosimama upande mmoja. Kuonekana hakutoshi. Mtu anaweza kuonyeshwa na bado akanyamazishwa, kama baba yake mjomba wangu angeweza kuonyeshwa akibeba gogo mara kumi na bado tusimjue. Tuulize nani anaeleza, na ameruhusiwa kueleza mpaka wapi.

Muda mfupi baadaye John Huston, ofisa wa jeshi hilohilo, aliingia na kamera katika hospitali ya askari waliovurugwa akili na vita. Weusi na weupe wamekaa chumba kimoja cha tiba. Wanatetemeka, wanalia, mmoja hawezi kutamka neno, mwingine hawezi kutembea ilhali miguu yake ni mizima. Filamu hiyo, Let There Be Light ya mwaka 1946, ilizuiwa na jeshi, na umma haukuiona mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jeshi lilisema linalinda siri za wagonjwa. Lakini mwaka 1948 likatengeneza nyingine ya kuchukua nafasi yake, Shades of Gray, kwa kutumia waigizaji, na safari hii weusi hawakuwamo. Nawaomba wanaosema kamera haina upande wautafakari mkasa huu. Kamera iliyorekodi kilichokuwepo, bila kuchagua rangi wala ushujaa, ndiyo iliyofungiwa kabatini. Iliyotolewa nje ni ile iliyopangwa.

Sasa nije kwenye ushahidi ninaouona mzito kuliko wote, kwa sababu unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2019 Channel 4 ya Uingereza ilirusha The Unremembered, filamu ya makala ambayo msimulizi wake ni mbunge David Lammy, mtoto wa wazazi waliohamia Uingereza kutoka Guyana, ikitumia utafiti wa Profesa Michèle Barrett. Lammy alikuja Kenya na Tanzania kuwatafuta wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Pale Voi, makaburi ya Wazungu yamepangwa kwa mistari, kila jiwe na jina lake, majani yamefyekwa. Wapagazi Waafrika wamelala nje ya eneo hilo, vichakani, hawana hata kigingi. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 wa upande wa Uingereza walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, katika vita ambavyo havikuwahusu.

Baada ya filamu hiyo, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliunda kamati ya kujichunguza, na Aprili 2021 ripoti ikatoka. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ilikiri pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaeleza kwamba nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na ubaguzi wa watawala waliojiaminisha kwamba mwenyeji haoni thamani ya jiwe la kaburi. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Januari 2025, Cape Town ikazindua mnara wa majina ya weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa wakilitumikia jeshi katika vita vile bila kuwa na kaburi linalojulikana.

Mwenye kusema uwakilishi ni pambo la kisiasa anieleze hapo. Maelfu ya saa za filamu za vita zilitengenezwa kwa karne nzima, na hesabu ile ya makaburi ikabaki na kosa la watu zaidi ya laki moja. Filamu moja ikaenda kumtafuta asiyeonekana, na kosa likaanza kusahihishwa. Tukizungumza kama wahasibu na si kama wanaharakati, filamu hiyo ilikuwa sahihi kuliko zile zilizoitangulia.

Somo hilo linafika mpaka kwenye vita vya jana. Kwa miaka mingi filamu nyingi za wageni kuhusu Kongo Mashariki zilifuata mpangilio mmoja: mwanamke analia, mtoto ameshika bunduki, mtaalamu kutoka nje anaeleza. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliifuata njia nyingine. Katika Maman Colonelle ya mwaka 2017 tunamfuata Kanali Honorine Munyole, ofisa wa polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, kazi yake ikiwa kuwalinda wanawake na watoto. Mwanamke wa Kongo ndiye anayetoa amri, anayehoji, anayechoka na kuendelea. Katika Downstream to Kinshasa ya mwaka 2020 tunakutana na watu waliopoteza mikono na miguu katika Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania Kisangani, mji usio wao. Wanapanda boti na magongo yao na miguu ya bandia, wanalala sitahani chini ya turubai, wanateremka mto Kongo kwenda Kinshasa kudai fidia. Hakuna msimulizi anayewasemea. Wanagombana wenyewe, wanaimba wenyewe, wanasimama jukwaani wakiigiza yaliyowapata. Mtazamaji wa Kiswahili anayasikia baadhi ya maneno yao bila kuhitaji tafsiri, na anajua kabisa kwamba walemavu wa vita wana akili, wana hasira na wana madai yenye tarakimu.

Nasi Watanzania tusijitoe kwenye hukumu. Vita vya Kagera tunavisimulia kwenye runinga kila mwaka kwa ramani, kwa makamanda, kwa hotuba ya Mwalimu, mpaka Kampala inapoanguka Aprili 1979. Ni haki yao kusimuliwa. Lakini ni mara ngapi tumemsikia kwa kirefu mgambo aliyetolewa shambani akapewa bunduki? Mama aliyekimbia Kyaka na mtoto mgongoni? Mganda aliyepigana bega kwa bega na vijana wetu? Wengi wao bado wako hai, na kila msiba wa mmoja wao ni saa kadhaa za mahojiano zinazozikwa. Tukisubiri, wajukuu zetu watakuja kuambiwa kwamba hao nao hawakuwepo, na watakaowaambia hivyo tutakuwa sisi.

Wanaoogopa kwamba mambo haya yatatugawa wamegeuza sababu kuwa matokeo. Kilichomgawa mfu na mfu mwenzake ni uzio wa pale Voi. Filamu iliyouonyesha haikuujenga.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu kwa kila anayetengeneza filamu ya makala kuhusu vita, awe London au Dar es Salaam. Anayeonekana atajwe jina linapojulikana, na lisipojulikana msimulizi aseme kwamba halijulikani na aeleze kwa nini. Aliyeishi vita aseme kwa kinywa chake, kwa lugha yake. Na kwenye chumba cha uhariri, mkasi unapokata, awepo mtu anayejua kilichokatwa ni nini.

Mjomba wangu hakupata jibu kwenye televisheni. Lakini nikikutana tena na anayeniambia hawakuwepo, nitamwomba asimame kituo cha Posta, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, asikilize makondakta wanavyoita: Kariakoo! Kariakoo! Jina hilo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Nairobi nako wana Kariakor yao. Miji hii miwili hulitaja jina la kikosi kile kila siku, kwa sauti ya juu, zaidi ya miaka mia moja sasa. Bado hatujayasikia majina ya watu wenyewe, mmojammoja, na hatutayasikia mpaka kamera iambiwe kuwatazama wao.